Uzi: Wabunge wa Marekani hawakunyang'anywa mamlaka ya vita, waliyakimbia wenyewe. Tuangalie kura zao

Kipara wa Magomeni

Wakuu, habari za jioni.

Kila Marekani inaporusha bomu mahali, humu jamvini panageuka Kwa Mkapa siku ya watani wa jadi. Huku mashabiki wa Trump, kule wa Biden, na wapo ambao mpaka leo wanamlilia Obama. Leo naomba marais tuwaweke kando kidogo. Kuna watu 535 ambao hatuwasemi kabisa: wajumbe 435 wa Baraza la Wawakilishi na maseneta 100. Hoja yangu naiweka mezani mapema ili msije mkasema nimezunguka mbuyu. Hawa watu mamlaka ya kuanzisha vita hawakuibiwa. Waliyatelekeza wenyewe kwa hiari, kwa sababu kura ya vita inaacha alama ya kidole, na mwanasiasa haipendi alama ya kidole.

Nianzie nyumbani maana ndiko nilikoanza kulifuatilia. Ijumaa ya Agosti 7, 1998, nilikuwa darasa la sita, Kinondoni. Saa nne na nusu hivi asubuhi tukasikia kishindo, mwalimu akadhani ni transfoma imelipuka. Ilikuwa ubalozi wa Marekani. Hapa Dar walikufa watu 11, Nairobi 213. Katika hao 224, Wamarekani walikuwa 12. Waliobaki karibu wote ni ndugu zetu. Siku 13 baadaye Clinton akarusha makombora kwenye kiwanda cha dawa cha al-Shifa, Khartoum, na kwenye kambi za Afghanistan. Kura ya Bunge? Hakuna. Kelele iliyosikika zaidi kwa baadhi ya Warepublican haikuwa "mbona hukutuomba ruhusa". Ilikuwa kwamba anataka kufunika kashfa ya uhusiano wake na Monica Lewinsky, kwa sababu siku 3 kabla alikuwa ametoka kuhojiwa chini ya kiapo kuhusu yule binti.

Sasa Katiba yao. Ibara ya 1, kifungu cha 8: kutangaza vita ni kazi ya Bunge. Rais ni amiri jeshi mkuu, hiyo ni Ibara ya 2. Mara ya mwisho Bunge kutangaza vita rasmi ilikuwa Juni 1942, dhidi ya Bulgaria, Hungary na Romania. Hebu hesabu vita zilizopita tangu hapo. Korea, Truman aliiita operesheni ya polisi chini ya mwavuli wa Umoja wa Mataifa, na wabunge wakakaa kimya. Vietnam ilikuja na Azimio la Ghuba ya Tonkin, Agosti 1964, kwa madai kwamba meli za Marekani zimeshambuliwa mara mbili. Shambulio la pili baadaye likaja kujulikana halikuwepo. Matokeo ya kura: 416 kwa 0 Baraza la Wawakilishi, 88 kwa 2 Seneti. Miaka mingi ya vita ya Vietnam ilisimama juu ya karatasi hiyo.

Wakajuta. 1973 wakatunga Sheria ya Mamlaka ya Vita. Nixon akaipigia kura ya turufu, wakaivunja turufu yake: 284 kwa 135, na 75 kwa 18. Sheria inasema rais akipeleka askari vitani aliarifu Bunge ndani ya saa 48, na asipopata ruhusa ndani ya siku 60 awaondoe, akiongezewa siku 30 za kufungasha. Kwenye karatasi ni sheria nzuri sana.

Lakini ngoja niwape tukio moja tu, ambalo mimi naona linatosha kufunga kesi. Libya, 2011. Obama anapiga mabomu, siku 60 zinapita. Anaulizwa. Serikali yake inajibu kwamba ile haihesabiki kuwa "uhasama" kwa maana ya sheria, kwa sababu hakuna askari wa miguu kule na Gaddafi hana uwezo wa kurudisha mapigo ya maana. Yaani ukimpiga mtu asiyeweza kukupiga, huo siyo ugomvi. Juni 24 Baraza la Wawakilishi likapiga kura mbili siku moja. Ya kwanza: tumruhusu rais aendelee na Libya? 123 ndiyo, 295 hapana. Imekataliwa. Ya pili: basi tukate fedha za mashambulizi? 180 ndiyo, 238 hapana. Nayo imekataliwa.

Soma tena hapo mkuu. Hawakuruhusu vita na hawakuizuia. Vita ikienda vizuri, "hatukukata fedha". Ikiharibika, "sisi tulikataa kuiruhusu". Mbuzi kaliwa na hakuna aliyeshika kisu.

Karibuni, ila tusitukanane.

Mnazi Mkinda

Mkuu umeandika gazeti zima. Nimesoma mpaka Lewinsky nikaenda kuweka maharage jikoni. Nitarudi.

Dereva wa Houston

Mtoa mada nakuheshimu ila umechagua mifano. Mimi naishi Texas mwaka wa 14, naendesha malori, na kura yangu ni ya Republican, sifichi. Mtu aliyejaribu kutoa majeshi ni Trump. Kule Somalia alitoa askari kama 700 mwishoni mwa muhula wake wa kwanza. Nani aliwarudisha? Biden, Mei 2022. Kura ya kuruhusu vita ya Iraq 2002, Biden alikuwa seneta, alisema ndiyo. Hillary alisema ndiyo. John Kerry alisema ndiyo. Wote Wademocrat. Halafu leo ndio wanaotufundisha kuhusu Katiba.

Kipara wa Magomeni

Dereva, shikamoo kaka. Yote uliyosema ni kweli na siyapingi. Kura ya Iraq Oktoba 2002 ilikuwa 296 kwa 133 na 77 kwa 23, na kati ya maseneta Wademocrat walio wengi walisema ndiyo. Hilo doa hawalifuti.

Ila na wewe umechagua mifano. 2019 Bunge, lenye Warepublican ndani yake, lilipitisha azimio la kuacha kuisaidia Saudi Arabia kwenye vita ya Yemen. Seneti 54 kwa 46, Warepublican 7 wakiwemo. Baraza la Wawakilishi 247 kwa 175. Trump akaweka turufu Aprili 16. Mwaka uliofuata, baada ya Marekani kumuua Soleimani, jenerali wa Iran, Seneti ikapitisha azimio la seneta Tim Kaine kwamba asiingie vitani na Iran bila ruhusa, 55 kwa 45. Mei 2020 turufu tena. Halafu Juni 22, 2025 akapiga vituo vya nyuklia vya Iran, Fordow, Natanz na Isfahan, bila kuomba kura ya mtu. Siku 5 baadaye azimio la Kaine likarudi Seneti likaanguka 47 kwa 53. Republican aliyeliunga mkono ni mmoja tu, Rand Paul. Wale 8 wa mwaka 2020 walikuwa wapi? Mmoja alishaondoka bungeni. Waliobaki, ukiondoa Paul, walibadilika.

Na nikuchekeshe. Septemba 2025 mashua zilipoanza kulipuliwa kule Karibi kwa madai ya dawa za kulevya, siku 60 zilipofika, unajua wanasheria wa Trump walisema nini? Kwamba siyo "uhasama", kwa sababu askari wa Marekani hawako hatarini. Hoja ya Obama ileile, wameifua na kuipiga pasi.

Chachu

😂😂 "wameifua na kuipiga pasi". Endelea mzee.

Bint Shela

Assalaam alaykum. Mimi kwa kawaida nasoma tu humu, sichangii, lakini hili laniuma.

Nyinyi mwazungumza Libya na Yemen. Mimi ni mtu wa Lamu. Tarehe 5 Januari 2020 alfajiri tuliamshwa na milio kutoka upande wa Manda. Al-Shabaab waliingia kwenye uwanja wa ndege wa jeshi, wakachoma ndege, na Wamarekani 3 wakafa, askari mmoja na wafanyakazi wawili wa kandarasi. Sisi boti hazikutoka siku ile. Watu wa Manda tulikuwa twajua kuna Wazungu pale miaka, tukiziona ndege. Nilichojiuliza na ambacho sijajibiwa: wale walikuwa pale kwa ruhusa ya nani? Kenya naelewa, serikali yetu iliwakaribisha. Lakini kwao, ni kura gani iliyosema wapigane na Al-Shabaab? Maana nimesikia vita yenyewe ni ya Septemba 11, na 2001 Al-Shabaab hawakuwepo.

Kipara wa Magomeni

Wa alaykum salaam dada. Hilo swali lako ndilo lililopaswa kuwa kichwa cha uzi huu.

Ruhusa ni azimio la Septemba 14, 2001, siku 3 baada ya minara kuanguka. Moyo wake ni sentensi moja ya maneno 60 kwa Kiingereza. Inamruhusu rais kutumia nguvu dhidi ya mataifa, vikundi au watu atakaobaini kwamba walipanga, walitekeleza au walisaidia mashambulizi yale, au waliwahifadhi waliofanya hivyo. Kwisha. Somalia haimo. Al-Shabaab haimo, na isingeweza kuwemo, kama ulivyosema. Haina tarehe ya mwisho, haina ramani. Seneti 98 kwa 0. Baraza la Wawakilishi 420 kwa 1.

Yule mmoja ni Barbara Lee wa California. Alisimama akilia, akasema wasikimbilie, wasije wakafanana na uovu wanaoulaani. Alitishiwa kuuawa mpaka akawekewa ulinzi wa polisi.

Kutoka hapo sentensi ile ikaanza kunyooshwa kama lastiki. "Waliofanya Septemba 11" ikawa Al-Qaeda, kisha "na washirika wao". Mwishoni mwa 2016, Obama akiwa mlangoni kuondoka, serikali yake ikaiingiza Al-Shabaab nzima kwenye orodha ya washirika. Bila kura. Kwa hiyo jibu dada yangu: askari aliyekufa Manda alikuwepo pale kwa sentensi iliyoandikwa miaka 18 kabla, na wabunge ambao wengi wao walishastaafu.

Na msidhani wabunge waliopo walikuwa wanajua. Oktoba 2017 wanajeshi 4 wa Marekani waliuawa Tongo Tongo, Niger. Lindsey Graham, seneta wa siku nyingi kwenye kamati ya majeshi ya Seneti, akasema kwenye televisheni kwamba hakujua kuna askari wapatao 1,000 Niger. Mtu anayepitisha bajeti yao!

Dereva wa Houston

Hapo kwa Graham nakuunga mkono, yule hata sisi Warepublican anatuchosha. Hajawahi kuona vita asiipende. Lakini sema na hili: Aprili 2023 nani alipeleka azimio la kutoa majeshi Somalia? Matt Gaetz, Republican wa Florida, mtu wa Trump kabisa. Mliomchukia mlimuunga mkono?

Kipara wa Magomeni

Alipeleka, kweli, na nampa haki yake. Lilianguka 102 kwa 321. Mwezi mmoja kabla alipeleka la Syria, 103 kwa 321. Angalia hizo namba mbili kaka. Waliosema ndiyo walitoka pande zote, mrengo wa kulia wa Trump na mrengo wa kushoto wa Wademocrat. Waliosema hapana nao pande zote. Wabunge hawa ukiwauliza juu ya utoaji mimba au bunduki watakwambia hawawezi kukaa meza moja. Ukiwauliza vita iendelee bila kujadiliwa, wanakaa.

Wakili Msomi

Naomba nipinge kwa hoja, siyo kwa ushabiki.

Kwanza, historia. 1787 kule Philadelphia rasimu ya Katiba ilisema Bunge litakuwa na mamlaka ya "kufanya" vita. Wajumbe wawili, Madison na Gerry, wakapendekeza neno libadilishwe liwe "kutangaza" vita, ili rais abaki na uwezo wa kuzuia mashambulizi ya ghafla. Kwa hiyo waasisi wenyewe waliacha mlango. Kombora la leo linafika kwa dakika. Hamwezi kusubiri watu 535 wamalize hotuba.

Pili, mtoa mada amesema "waliyakimbia". Ameruka jambo zito. Ile sheria ya 1973 ilikuwa na meno: mabaraza mawili yakipitisha azimio la pamoja, rais alitakiwa aondoe majeshi bila saini yake kuhitajika. Meno hayo yaling'olewa na Mahakama ya Juu, siyo na wabunge. Na hapa Waafrika Mashariki tuna mkono wetu. Kesi inaitwa Chadha, ya 1983. Jagdish Rai Chadha alizaliwa Kenya, akawa na pasi ya Uingereza, akaenda kusoma Ohio, viza ikaisha. Idara ya uhamiaji ikamwonea huruma, ikasitisha kumfukuza. Baraza la Wawakilishi peke yake likatengua huruma hiyo. Mahakama ikasema Bunge haliwezi kutengua jambo la namna hiyo bila kupita kwa rais. Kesi ya mwanafunzi wa kutoka Kenya ikadondosha mfumo mzima, na kile kipengele cha vita kikabaki bila nguvu. Tangu hapo Bunge likitaka kusimamisha vita lipeleke azimio kwa rais, rais aliwekee turufu, na wao watafute theluthi mbili. Yemen walipata 53 kwa 45 kwenye jaribio la kuivunja turufu. Iran 49 kwa 44. Walijaribu. Hawakukimbia.

Mnazi Mkinda

Maharage yameiva, nimerudi. Hii ya Chadha sikuijua kabisa. Yaani Mhindi wa Kenya kasababisha haya yote?

Wakili Msomi

Hakusababisha kitu, alikuwa anatafuta makazi tu kama watu wengine. Na mwisho wake alipata, akabaki Marekani.

Kipara wa Magomeni

Wakili, nakushukuru, hii ndiyo michango tunayoitaka. Chadha nilikuwa nayo kwenye daftari nikaona nitawachosha.

Kuhusu mashambulizi ya ghafla nakubali bila ubishi. Lakini Gaddafi alikuwa hamshambulii mtu wa Marekani siku ile. Mashua za Karibi hazikuwa zimebeba makombora. Ule mlango wa Madison ulikuwa wa moto ukiwaka ndani ya nyumba, wao wanautumia kwenda harusini.

Kuhusu theluthi mbili: ni kweli hawana zile kura. Ila wana mfuko. Kila mwaka wanapitisha sheria ya bajeti ya ulinzi, na wanaweza kuandika humo "hakuna dola itakayotumika Somalia". Hiyo rais hawezi kuikwepa bila kukataa bajeti nzima. Walishawahi kufanya hivyo, 1973, wakakata fedha za mapigano Indochina, yaani Vietnam na jirani zake, kuanzia Agosti 15, na Nixon akameza. Meno yaling'olewa, sawa, lakini mikono wanayo. Libya 2011 walipewa nafasi ya kuitumia wakapata 180.

Swali langu kubwa liko hapa, na ndilo lililonifanya nifungue uzi: kwa nini hawaitumii? Mimi nadhani wamesoma historia ya kura zao kuliko sisi. Wale wawili waliokataa Tonkin, Wayne Morse wa Oregon na Ernest Gruening wa Alaska, wote wawili walianguka uchaguzi wa 1968. Mwaka ambao kila mtu alishaona Vietnam ni balaa! Walikuwa sahihi na wakaangushwa. Jeannette Rankin alikataa vita ya kwanza ya dunia 1917 akapoteza kiti, akarudi bungeni miaka zaidi ya 20 baadaye, akakataa tena Desemba 8, 1941, 388 kwa 1, akalazimika kujifungia kwenye kibanda cha simu watu wasimguse. 1942 hakugombea.

Halafu upande wa ndiyo. Hillary alibeba ile kura ya Iraq ya 2002 mgongoni mpaka mbio za urais za 2008, Obama akampiga nayo, kwa sababu Obama 2002 alikuwa seneta wa jimbo la Illinois tu, hakuwa na kura ya kupiga, alihutubia mkutano wa kupinga. Kerry naye, akigombea urais 2004, akanaswa kwenye fedha za vita hiyohiyo, akasema alizipigia kura ya ndiyo zile dola bilioni 87 kabla ya kuzikataa, na Bush akaizungusha sauti hiyo kwenye matangazo.

Kwa hiyo wewe ni mbunge mpya, unagombea kila miaka 2, unaangalia nyuma. Aliyesema hapana kaangushwa. Aliyesema ndiyo kasumbuliwa. Ambaye kura haikufika mezani kwake? Yuko salama, anahojiwa Jumapili asubuhi kwenye televisheni kuhusu uwajibikaji.

Chachu

Biden alisema ndiyo 2002 na akashinda urais 2020. Hesabu yako ina tobo.

Kipara wa Magomeni

Ina tobo, nakubali. Na Barbara Lee alishinda jimbo lake la Oakland kila uchaguzi mpaka 2024 alipoamua kutafuta useneta, akashindwa, na sasa ni meya wa Oakland. Jimbo lake lilimwelewa. Ila mbunge mwoga hahesabu kama sisi. Anahesabu waliozama tu.

Dereva wa Houston

Kipara, unataka kusema sisi wapiga kura ndio tatizo?

Kipara wa Magomeni

Sijasema hivyo, ila nijibu. Trump alipopiga Iran ulimpigia simu mbunge wako? Obama alipopiga Libya ulimpigia?

Dereva wa Houston

Libya nilipiga. Nilikasirika sana. Kijana akapokea, akaniuliza anwani yangu, akasema maoni yangu yamerekodiwa.

Iran sikupiga.

Mnazi Mkinda

Duh.

Wakili Msomi

Heshima kwako Dereva kwa ukweli. Wengi humu wangekwepa.

Bint Shela

Samahanini, naona mwaondoka kwenye swali langu. Hiyo karatasi ya maneno 60 mpaka leo ipo? Au walishaifuta?

Kipara wa Magomeni

Dada, ruhusa mbili za vita za Iraq, ya 1991 na ya 2002, zimefutwa Desemba 2025, zikipachikwa ndani ya bajeti ya ulinzi. Ya 2002 Seneti ilishakubali kuifuta Machi 2023, 66 kwa 30, ikakaa Baraza la Wawakilishi bila kuguswa. Na hata kufutwa kwenyewe kumefanyika wakati hakuna anayeihitaji.

Ya 2001 haikuguswa.

Bint Shela

Aya. Nashukuru. Jana magharibi ndege imepita tena, chini kwa chini, kuelekea kaskazini. Sijui ilikuwa ya nani.